Mfuasi Si Mwenzako

Hapa Malindi siku hizi ukimwambia kijana mwenzako "twende ushirika", jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: "Shakahola nyingine?" Halafu anacheka. Kile kicheko cha mtu ambaye hajaona chochote cha kuchekesha.

Naelewa. Tumeishi na hilo jina tangu Aprili 2023. Ukienda Nairobi ukisema unatoka Malindi, watu hawaulizi tena habari ya bahari, wanauliza ule msitu uko wapi na kama ulikuwa unajua mtu. Na vijana wengi wa rika langu wametoka kwenye ile habari na somo moja tu: kukusanyika kusanyika ni hatari, imani ni mimi na Mungu wangu, nikitaka neno nina simu na nina bando. Basi, maneno yaishe.

Mimi nabisha. Naona hilo somo tumelishika kichwa chini miguu juu, na nitasema kwa nini.

Kwanza turudi nyuma kidogo, manake kuna wadogo zetu wanaoijua hii stori kwa vichekesho vya mtandaoni tu. Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake, Good News International, mwaka 2003. Hapa Malindi lilikuwa Furunzi. Alikuwa na televisheni, Times TV, na mahubiri yake yalikuwa yakizunguka kwa intaneti. Alifundisha kwamba shule ni mambo ya shetani, hospitali vilevile, Huduma Namba ndio usiseme. Mwaka 2019 akatangaza amefunga kanisa, na baadaye watu wakaanza kuhamia msitu wa Shakahola, upande wa Chakama. Aprili 2023 polisi wakaingia. Makaburi yakaanza kufukuliwa, na hesabu ikapita miili 400. Mwanapatholojia mkuu wa serikali, Johansen Oduor, alisema wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, na watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Februari 2024 Mackenzie na wenzake 29 walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Amekana mashtaka. Kesi ni za korti, mimi si jaji.

Mia moja tisini na mmoja. Hao ni watoto tu.

Sasa tuangalie njia yenyewe, manake watu hawakuamka asubuhi moja wakajikuta msituni bila chakula. Waliondolewa kitu kimoja kimoja. Mtoto anatolewa shule, kwa hivyo hakuna mwalimu wa kuuliza mbona hajaonekana wiki mbili. Mama haendi tena kliniki, kwa hivyo hakuna nesi wa kumpima mtoto na kushtuka kilo zikishuka. Mtu anaacha kazi, kwa hivyo hakuna mkubwa wa kupiga simu. Anauza alichonacho. Ndugu zake wa damu wanaitwa watu wa dunia, kwa hivyo wakipiga hashiki. Mwisho anahamia porini, kwenye vijiji walivyovipa majina ya Biblia, kina Bethlehemu na Galilaya, ambako hata jirani wa kuja kuomba chumvi hayupo.

Niambie hapo ushirika uko wapi. Mimi naona watu waliotolewa katika kila ushirika waliokuwa nao, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki na sauti moja. Huwezi kusema walizidisha kukaa na watu. Walikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuwauliza "umekula?"

Na hapa ndipo nawaudhi wale wa "mimi na simu yangu". Wengi wa waliokwenda Shakahola hawakuwa watoto wa Malindi. Familia zilizokuja kutafuta watu wao zilitoka kila pembe ya Kenya. Pale hospitali ya Malindi Shirika la Msalaba Mwekundu liliweka meza ya kuandikisha waliopotea, watu wakapanga foleni na picha mkononi. Mtu wa mbali hivyo alijuaje habari za mhubiri wa Furunzi? Wengine aliwafikia kupitia kioo. Mtu ameketi sebuleni kwake, kwenye televisheni au kwenye simu, usiku, peke yake, anasikia sauti inayomwambia kile alichokuwa anakiogopa tayari. Hakuna mtu pembeni wa kusema, "Ngoja kwanza, hiyo aya haisemi hivyo."

Kwa hivyo wewe unayeniambia umeachana na mikusanyiko kwa sababu ya Shakahola, halafu unalala na mhubiri sikioni kila usiku, mhubiri ambaye hajui jina lako, hajui unakaa wapi, hajui kama umekula, wewe ndiye uko karibu na ile njia kuliko nyanya yangu anayeenda jumuiya kila Alhamisi na kurudi akilalamika kwamba chai ilikuwa nyepesi.

Naongea hivi na mimi kazi yangu ni hii hii ya kioo. Nina wafuasi elfu kumi na kitu. Neno lenyewe lisikilize: wafuasi. Wananifuata. Wako nyuma yangu, hawako pembeni yangu. Mwaka jana malaria ilinilaza siku tisa, sikuweka video hata moja, na kati ya hao elfu kumi na kitu hakuna aliyejua, na hawana kosa, wangejuaje? Mitambo tu ndiyo ilijua, ikanishusha. Anayekufuata anaona kile unachomwonyesha. Mwenzako anaona hata usichotaka aone. Mackenzie alikuwa na wafuasi wengi sana.

Sasa neno la upande wa pili, ushirika. Mimi napenda kwamba Kiswahili hakikulitengea kanisa neno lake maalum. Ushirika ni huo huo wa wakulima wa maziwa, ni huo huo wa akiba na mikopo, ni huo huo wa meza ya Bwana. Maana yake ni kitu kimoja tunacho wote na kila mtu ana fungu lake. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 2, wale waumini wa kwanza hawaelezwi kama watu waliokuwa na mhubiri mkali. Wanaelezwa kama watu waliokula pamoja nyumba kwa nyumba, wakauza vitu vyao ili asiyekuwa nacho apate. Mtu atasema, kwani hata Shakahola si waliuza mali? Ndio, lakini angalia mali ilienda wapi. Katika Matendo inaenda kwa mwenye shida, na watu wanakula. Wanakula! Ni sura ya watu walioshiba.

(Halafu Kiswahili kina ujanja wake. Ushirika ukigeuzwa kidogo tu mwishoni unakuwa ushirikina. Sijui nifanye nini na hiyo habari, nimeiona tu nikaona nisikae nayo peke yangu.)

Wacha niwaambie ushirika ninaoujua, manake sitaki tuongee hewani. Sisi nyumbani ni Wakatoliki, kwa hivyo kwetu unaitwa jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kwamba kanisa litajengwa hivyo, kuanzia chini, nyumba kumi, kumi na tano. Waanglikana, Wapentekosti, kila mtu ana jina lake: seli, feloshipu ya nyumbani, kikundi. Vitu ni vile vile. Inazunguka nyumba kwa nyumba. Kuna viti vitatu vya plastiki vya wazee na mkeka wa sisi wengine. Kuna somo, kuna maombi marefu ya mtu mmoja ambaye kila wiki anaombea mpaka marais wa nchi za mbali. Kuna chai ya tangawizi na mahamri kama mambo ni mazuri. Kuna sahani ya sadaka, na sarafu zinasikika zikianguka, kwa hivyo kila mtu anajua umetoa noti au umetoa shilingi tano.

Na kuna daftari. Hilo daftari nililichukia miaka mingi. Kabla ya sala ya mwisho katibu anasoma majina. Ukikosekana mara moja, kimya. Ukikosekana mara mbili, mwenyekiti anainua kichwa: "Nani anakaa karibu na huyu?" Mtu anajitaja. "Basi pitia kwake kesho." Ni hivyo tu. Hakuna faini, hakuna laana, hakuna kuambiwa umerudi nyuma kiroho. Kesho yake mtu anapitia na kuuliza kama uko hai.

Nikiwa mdogo nililiona kama polisi. Sasa nikifikiria wale watoto msituni, nafikiria daftari.

Nilipoacha chuo, mwaka wa pili, karo imekwama na nyumbani hakuna cha kuuza, nilikuwa kwenye kikundi cha maombi cha chuo. Watu zaidi ya mia mbili kwenye grupu la WhatsApp. Salamu za asubuhi na mapema, picha za maua, "Mungu akutendee". Niliondolewa kabla sijamaliza wiki nyumbani. Hakuna ubaya, nilielezwa baadaye, walikuwa wanasafisha namba zibaki za wanafunzi tu. Kusafisha. Sawa.

Nyumbani Alhamisi ya kwanza nilienda kwa sababu mama alinikokota. Mama mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu wote, sauti ya juu: "Mwanangu, umerudi mapema hivi, ni mimba?" Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema, "Hapana mama, ni karo." Akasema, "Ah, karo," kama mtu aliyesikia mafua, akaendelea kumimina chai. Wiki ile ile mzee mmoja wa jumuiya, fundi wa simu, akaniambia, "Meza yangu saa za mchana iko bure, njoo uuze salio, upige piga na hizo simu." Kwenye ile meza ndipo nilipojifunza kukata video. Karo hawakuilipa, hawana. Waligawa kile walichokuwa nacho: meza na umbea.

Ndio, umbea. Tunausema vibaya sana, na nyakati nyingi unastahili. Lakini mambo ya Shakahola hayakujulikana kwa sababu ya mtambo fulani wa serikali. Ni ndugu wa damu waliokataa kunyamaza, na watetezi wa haki za binadamu wa hapa hapa pwani, waliosumbua ofisi mpaka polisi wakaingia msituni. Watu wa kuuliza uliza. Wale ambao ukikutana nao dukani unageuza njia.

Sasa nisiwadanganye. Kuna sababu nyingine vijana wametoka kwenye hivi vikundi, na haina uhusiano na Mackenzie. Wametolewa. Msichana anashika mimba, anaondolewa kwaya kabla tumbo halijaonekana, na aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Kijana anafuga nywele, anakalishwa nyuma. Mtu anapoteza kazi ya hoteli msimu ukiisha, na nyinyi watu wa hapa mnajua msimu ukiisha unaisha kweli, anashindwa kuchangia mara tatu, basi anaanza kukwepa kwa aibu, na hakuna anayemfuata kumwambia njoo bila kitu. Kuna mahali nimekaa nikasikia maombi ambayo kwa kweli yalikuwa uchongezi umefumba macho. Na kuuliza swali? Ukiuliza swali la kweli, kwa mfano kwa nini Mungu aliacha watoto wale wafe, unaambiwa una roho ya uasi.

Huyo uliyemtoa anaenda wapi? Hatutaki kujiuliza hilo. Njaa yake ya kuwa na watu haijaisha. Atatafuta, na wako wanaomngoja na tabasamu na kiti cha mbele kabisa. Watampa kila kitu tulichomnyima, jina, kazi ya kufanya, mtu wa kumkumbatia, halafu wataanza kumwondolea vitu kimoja kimoja. Hatuwezi kuwalaani hao bila kutaja mlango aliotokea.

Na msiniambie kupokea waliotupwa ni mambo ya Wazungu, manake iko kwenye historia yetu kabisa, katika kaunti hii hii. Miaka ya 1800 mashamba makubwa ya Malindi yalilimwa na watumwa. Wengine walitoroka, wakakimbilia bara, kwenye nchi ya Wagiriama. Huko kulikuwa na kijiji kinaitwa Fuladoyo, cha Wagiriama wachache waliokuwa wamepokea Injili. Hawakuwa na mali, hawakuwa na bunduki za maana, lakini waliwapokea watoro wakakaa nao na kusali nao, wakijua fika wenye watumwa watakuja kuwadai. Walikuja. Kiongozi wa Fuladoyo, David Koi, aliuawa mwaka 1883.

Huwa nawaza hivyo vijiji viwili. Vyote vya Wakristo, vyote porini, vyote bara ya Malindi. Kimoja mtu alitoroka kukiingia, akapata chakula. Kingine, kuna waliolazimika kutoroka ili waishi. Sijui kwa nini shuleni sikufundishwa Fuladoyo hata siku moja. Jina la Vasco da Gama nimeliandika kwenye mitihani mpaka mkono ukachoka, na yeye alipita tu hapa 1498 akachukua nahodha akaondoka.

Na hata bila kanisa, kina nyanya zetu walikuwa na mweria. Leo tunalima kwako sote, kesho tunalima kwangu, kesho kutwa kwa mjane ambaye hana wa kumlimia. Hakuna aliyekuwa anamfuata mtu. Kila mtu alishika jembe. Wamisionari walipokuja na neno ushirika, nadhani watu wengine walisema kimoyomoyo, ah, mweria na sala.

Najua mtu ataniambia serikali ndiyo iweke sheria. Sawa, iweke. Rais aliunda jopo likiongozwa na Mutava Musyimi, Seneti nayo ikaunda kamati, ripoti zikaandikwa. Halafu mwaka 2025, tukiwa tumeshajua kila kitu, tukiwa tumeshalia kila chozi, makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, upande ule ule wa Chakama. Miili zaidi ya 30. Cheti cha usajili wa kanisa hakiwezi kujua kwamba ile nyumba ya mwisho kwenye ploti haijatoa moshi siku tatu. Jirani anaweza kujua. Mtu wa daftari anaweza kujua.

Kwa hivyo mimi siwaambii mwende kanisa gani, na kama wewe ni Mwislamu hapo Shella au Barani unasoma hii, unaijua habari yote kuliko mimi, mna yenu ya kuulizana baada ya swala. Ninachofanya mimi nikialikwa mahali ni kuangalia vitu vya kawaida sana. Nikikosa wiki mbili, nani atapiga simu, na akipiga ataniuliza niko vipi au atanitisha? Mama yangu akitaka kuja kuona, anakaribishwa? Mtoto akiugua katikati ya maombi, kuna mtu anatafuta tuktuk? Kiongozi akisema kitu cha ajabu, kuna mzee anaweza kumkatiza na asitolewe nje? Na chakula kipo? Kwa kweli hilo la chakula siku hizi nalipa uzito sana.

Na kama uko mahali ambapo jibu la mambo haya linakutia baridi, toka leo, hata kama hujui kwa kwenda. Nitumie ujumbe. Nasoma zote, nachelewa tu.

Alhamisi hii zamu ni ya kwetu, saa kumi na moja jioni. Mama ameshasema simu zote zikae kikapuni na nisijaribu kurekodi mtu. Mwaliko ni wa kweli, mje, hata yule wa kicheko cha Shakahola aje, tutamweka karibu na mama mwenyekiti. Ila kila mtu na kikombe chake, vya kwetu vimebaki saba.